Onyo lililozimwa juu ya klasi: kisa cha gawio lililokosekana

Majina ya kampuni, mji, kikundi na watu nimeyaondoa. Majina yaliyo ndani ya msimbo nimeyabadilisha, na kiasi cha fedha nimekisogeza kidogo pale ambapo hakiharibu hoja.

Mazingira

Mfumo wenyewe ni wa vikundi vya akiba na mikopo, vile ambavyo Tanzania tunaviita VICOBA. Wanachama wananunua hisa kila wiki, wanakopeshana, wanachangia mfuko wa jamii kwa ajili ya msiba na ugonjwa. Mwisho wa mzunguko, mara nyingi Desemba, wanavunja na kugawana. Kazi ya mfumo ni kutunza daftari lao na kupiga hesabu ya gawio.

Timu ilikuwa ya watu watano. Mimi ndiye niliyepitia msimbo wa wenzangu kabla haujaingia kwenye tawi kuu, kwa hiyo karibu kila kitu nitakachosimulia kilipita mikononi mwangu. Tulitumia lugha ya Java, toleo la 11. Fedha zote tulizihifadhi kwa senti. Hakuna mtu anayelipa senti siku hizi, lakini riba na adhabu za asilimia huacha vipande, na vipande vikihifadhiwa kama desimali hesabu haifungi. Shilingi 1,000 ilikaa kwenye mfumo kama 100,000. Uamuzi huo ulikuwa sahihi, ila ndio uliopanga ni lini mambo yangeharibika.

Muhtasari wa kila kikundi ulikaa kwenye hifadhidata kama maandishi ya JSON, muundo wa kuandika kila jina na thamani yake: hisa kiasi fulani, mikopo kiasi fulani, mfuko wa jamii kiasi fulani. Maktaba ya Jackson, yaani msimbo ulioandikwa na wengine kwa kazi hiyo, ndiyo iliyoyasoma maandishi hayo na kuyarudisha kuwa vitu vya Java.

Usafi wa wiki mbili

Kompaila ya Java, javac, yaani programu inayotafsiri msimbo ili kompyuta iuendeshe, usipoiagiza vingine haikutajii kila sehemu yenye mashaka ya aina za data. Inakuandikia mistari miwili tu: kuna faili linalotumia operesheni zisizo salama, na ukitaka maelezo ongeza `-Xlint:unchecked`. Sisi tuliizoea mistari hiyo miwili kama mtu anavyozoea mlio wa friji.

Kisha ukaja uamuzi wa kusafisha. Kiongozi wa timu aliwasha `-Xlint:all`, yaani maonyo yote, na pamoja nayo `-Werror`, ambayo hufanya onyo lolote lihesabike kuwa kosa: onyo moja, programu haijengeki. Tulipewa wiki mbili. Siku ya kwanza tukaona maonyo mia moja tukasema tutayaweza. Tukayamaliza, yakatokea mengine. Javac huonyesha maonyo 100 ya mwanzo tu mpaka uongeze kikomo kwa `-Xmaxwarns`. Tulipoongeza, ndipo tukajua ukubwa wa kazi, na ndipo haraka ilipoingia.

Ndani ya rundo lile kila kitu kilikuwa na sauti moja. Onyo kwamba klasi (fungu la msimbo lenye data na kazi zake) haina `serialVersionUID`, namba ya toleo lake, onyo kwamba `new Integer(5)` imepitwa na wakati tangu Java 9, na onyo kwamba kompaila imeshindwa kuthibitisha aina ya vitu vilivyomo ndani ya mkusanyo: yote yaliandikwa kwa namna moja na kuhesabiwa moja moja kwenye jumla tuliyokuwa tukiishusha kila jioni. Mawili ya kwanza ni ya usafi. La tatu ni kompaila kukwambia kwamba kuanzia hapa haikulindi tena.

Dawa ya haraka ilikuwa anotesheni, yaani alama ya kuiagiza kompaila, ya `@SuppressWarnings`, ambayo imo ndani ya Java tangu toleo la 5 la mwaka 2004, toleo lile lile lililoleta jeneriki, namna ya kutaja mkusanyo umebeba vitu vya aina gani. Unaiandika juu ya tamko, unataja aina ya onyo, na kompaila inanyamaza kwa kila kilichomo ndani ya tamko hilo.

Mwenzetu mmoja, nitamwita mwandishi wa kwanza, alikuwa na klasi inayosoma taarifa za vikundi. Ndani yake palikuwa na onyo moja tu la `unchecked`. Methodi moja, yaani kazi moja ndani ya klasi, iliita maktaba ya zamani inayorudisha `List` tupu, isiyosema imebeba nini, na yeye akaitoa kama `List<String>`. Alifanya kazi yake vizuri. Alifungua msimbo wa maktaba ile, akasoma, akajiridhisha kwamba kinachoingia mle ni `String` peke yake. Kisha akaweka anotesheni juu ya mstari wa `return`. Kompaila ikaikataa, kwa sababu anotesheni hii hukaa juu ya tamko: la klasi, la methodi, la kigezo (thamani inayopokelewa na methodi), la kigeu (jina linaloshika thamani). `return` si tamko.

Njia sahihi ilikuwa kutengeneza kigeu ndani ya methodi, kukiwekea anotesheni, halafu kukirudisha. Mistari miwili ya ziada. Yeye alipanda juu mpaka penye jina la klasi, akaiweka pale:

```java
@SuppressWarnings("unchecked")
public class HudumaYaMuhtasari {
```

Programu ikajengeka. Nilimwuliza kama amehakiki, akasema amehakiki, na ni kweli. Nikaidhinisha.

Mistari kumi na mbili

Miezi mitano baadaye mwandishi wa pili, aliyejiunga na timu baada ya usafi kwisha, aliongeza methodi ya kusoma salio la kikundi. Aliiweka kwenye klasi hiyo hiyo, mahali pake hasa. Kiini chake kilikuwa mstari huu:

```java
Map<String, Integer> salio = mapper.readValue(json, Map.class);
```

Ukimpa Jackson `Map.class`, yaani mkusanyo wa majina na thamani zake, bila maelezo zaidi, hajui kwamba wewe unataka `Integer`. Anaamua mwenyewe kwa kila namba anayokutana nayo: ikitosha kwenye biti 32 anaifanya `Integer`, ikizidi 2,147,483,647 anaifanya `Long`, aina ya namba yenye nafasi kubwa zaidi. Java nayo, kwa jinsi jeneriki zake zilivyoundwa, hufuta hizo aina za ndani baada ya kukompaili. Programu inapokimbia, `Map` ni `Map` tu, na `Long` inaweza kukaa ndani ya kitu kinachoitwa `Map<String, Integer>` bila kubughudhiwa na mtu. Hapo kompaila ilikuwa na onyo la kutoa: imepewa `Map` tupu mahali inapotakiwa `Map<String, Integer>`, na haiwezi kuthibitisha. Kwa `-Werror` mwandishi wa pili asingeweza hata kujenga programu.

Haikusema kitu. Ilishaambiwa miezi mitano kabla inyamaze kwa klasi nzima, yakiwemo yale ambayo hayajaandikwa bado.

Mapitio yaliniletea mistari kumi na mbili iliyobadilika. Anotesheni ilikuwa mistari zaidi ya mia tatu juu yake, haikubadilika, kwa hiyo haikuonyeshwa. Niliona majaribio yamepita, ujenzi umepita bila onyo hata moja, nikaidhinisha. Vikundi vya mfano kwenye majaribio vilikuwa na shilingi laki mbili, laki tano, kimoja milioni moja na nusu.

2,147,483,647 kwa senti ni shilingi 21,474,836 na senti 47.

Usiku wa kufunga mzunguko

Desemba ilipofika, kazi ya usiku ilipita kikundi kimoja baada ya kingine ikipiga gawio. Kila kikundi kilizungushiwa `try` na `catch`, amri za kukamata kosa, ili kimoja kikianguka kisiwaangushe wengine. Kosa linaandikwa kwenye logi (daftari la matukio ya mfumo), kazi inaendelea. Asubuhi ripoti ilisema kazi imekamilika.

Saa nne na nusu simu ya huduma ililia. Mhazini wa kikundi, mama wa makamo, alikuwa amekaa na wanachama wenzake kwenye kikao cha kuvunja, daftari za watu mezani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Skrini yenu inasema tuna milioni ishirini na tatu na laki nane na nusu. Sawasawa na daftari letu. Nikibonyeza gawio, hakuna kitu. Hawa wenzangu niwaambie nini?"

Swali lile lilitutia aibu, na lilistahili. Watu ishirini na tano walikuwa wameweka akiba mwaka mzima bila kukosa wiki. Kikundi kilichokuwa na nidhamu kuliko vingi kwenye mfumo ndicho kilichoambiwa hakuna kitu, na kilianguka kwa sababu hiyo hiyo kwamba kilikuwa na fedha nyingi.

Alichosema kuhusu skrini ndicho kilichotupoteza. Salio lilionekana, tena sahihi: 23,850,000. Tukasema basi kusoma hakuna shida, shida iko kwenye fomula. Tulitumia karibu saa mbili tukikagua fomula ya gawio. Kumbe ukurasa ulipokea `Map` yote na kuchapa vilivyomo kama namba tu, bila kujali kama ni `Integer` au `Long`. Hesabu ya gawio, iliyokuwa kwenye klasi nyingine kabisa, ilikuwa na mstari huu:

```java
int hisa = salio.get("hisa");
```

Hapo ndipo kompaila huingiza kimya kimya amri ya kugeuza kilichotoka kuwa `Integer`, na hapo ndipo logi ilisema `class java.lang.Long cannot be cast to class java.lang.Integer`. Aliyeanguka hakuwa na kosa lolote. Mwenye kosa alikuwa klasi mbili nyuma.

Tulichoamua, na kwa nini

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kutowasubirisha watu. Mwenzetu mmoja alipiga gawio la kikundi kile kwa jedwali la kawaida, akamtumia mhazini, mhazini akalilinganisha na daftari mbele ya wanachama, wakakubaliana mstari kwa mstari. Waligawana siku hiyo hiyo. Tungeweza kurekebisha mfumo kwanza ndipo tuwajibu, na kwa mtazamo wa kiufundi ingekuwa nadhifu zaidi. Lakini kikao kilikuwa kimekaa.

Uamuzi wa pili tuliufanya vibaya. Mtu akasema, kama `Integer` haitoshi tuandike `Long`. Tukaandika `long` badala ya `int` kwenye hesabu ya gawio, na kwenye tamko `Map<String, Long>`, ikajengeka bila onyo, tukaipeleka kwenye seva ya majaribio yenye nakala ya data halisi. Vikundi vyote vikaanguka. Vile vidogo vilikuwa na `Integer` peke yake, sasa `Integer` haikubali kugeuzwa kuwa `Long`. Hata kikundi kile kikubwa kilianguka tena, kwa sababu mfuko wake wa jamii ulikuwa na shilingi 640,000, namba ndogo, na Jackson aliisoma kama `Integer` ndani ya `Map` ile ile ambamo hisa zilikuwa `Long`. Tulikuwa tumebadilisha kibandiko cha nje, vilivyomo vikabaki vile vile.

Hapo ndipo mwandishi wa pili aliuliza swali lililotufungua: kwa nini kompaila haijasema kitu mara mbili zote? Akapandisha faili mpaka juu, akaikuta anotesheni. Akaiondoa, akakompaili. Yakatoka maonyo manne. Moja lilikuwa lile la mwandishi wa kwanza, lililohakikiwa. Matatu yaliongezwa baadaye na watu ambao hawakujua kwamba wanaandika mahali palipozimwa taa.

Marekebisho yenyewe ni haya:

```java
Map<String, Long> salio = mapper.readValue(json,
        new TypeReference<Map<String, Long>>() {});
```

Sasa Jackson anaelezwa anachotakiwa kutoa, na kila namba, kubwa au ndogo, inatoka ikiwa `Long`. Hesabu ya gawio nayo ikabaki na `long`. Hakuna onyo, na hakuna kilichozimwa.

Matokeo

Kikundi kimoja kilikosa gawio kwenye mfumo, kikalipata kwa mkono siku ile ile. Fedha haikupotea. Tulipopitia logi ya usiku ule tulikuta vikundi vingine viwili vilivyorukwa kwa kosa hilo hilo ambavyo vikao vyao vilikuwa bado siku chache. Tuliwapigia sisi kabla hawajatupigia.

Kisha tukaorodhesha kila `@SuppressWarnings` iliyokuwamo. Tuliondoa moja moja, tukakompaili, tukaangalia kinachotoka. Baadhi hazikuwa zikizuia chochote: msimbo uliozihitaji ulishafutwa, zenyewe zikabaki. Javac tuliyokuwa nayo haikuwa na namna ya kutuambia kwamba anotesheni haina kazi tena. Kompaila ya Eclipse huweza kukueleza ukiiwasha, na lugha nyingine zimelichukulia jambo hili kwa uzito. TypeScript tangu toleo la 3.9 ina `@ts-expect-error`, ambayo hulalamika yenyewe kosa lililotarajiwa likikosekana. Rust ina `#[expect]` kwa kazi kama hiyo. Laiti tungekuwa na kitu hicho.

Uchambuzi

Niseme kwanza ambalo wengi hulikosea wakisikia kisa hiki: mwandishi wa kwanza alikuwa na haki ya kuzima onyo. Kuna maonyo ambayo kompaila haiwezi kuyamaliza yenyewe na mtu aliyesoma anaweza. Anotesheni ni dhamana. Mtu anaiambia kompaila, hapa nimeangalia mimi, nasimama badala yako. Yeye aliangalia mstari mmoja. Anotesheni yake ikadhamini faili zima, na miezi mitano baadaye ikamdhamini mtu ambaye hawajawahi hata kukaa meza moja. Ukubwa wa eneo ndio uliotuponza. Laiti ingekaa juu ya kigeu kimoja, ingekufa na kigeu hicho.

Wapo wanaosema suluhisho ni kupiga marufuku anotesheni hii kabisa. Sikubaliani nao. Ukiipiga marufuku, watu watazima onyo kwenye mipangilio ya ujenzi, na hapo litanyamaza kwa mradi mzima bila hata alama kwenye msimbo.

Je, onyo lingetuepusha na yote haya? Nimejiuliza kwa uaminifu, na jibu ni nusu. Mwandishi wa pili alikuwa ameshachagua `Integer` kwa fedha za senti, na hilo kompaila haina maoni nalo. Angepewa onyo, huenda angeandika `TypeReference<Map<String, Integer>>` na kuendelea. Lakini hapo Jackson mwenyewe angekataa namba kubwa pale pale inaposomwa, kwa ujumbe unaosema imezidi kiwango cha `int`. Skrini nayo isingeonyesha salio sahihi la kutupoteza. Kosa lingekuwepo, ila lingeanguka mlangoni kwake badala ya kusafiri klasi mbili na kuangukia nyumba ya jirani. Saa mbili za kukagua fomula zisizo na hatia zisingekuwepo.

Kuhusu mapitio, hapa ndipo ninapobeba sehemu yangu. Nilizoea kusoma mabadiliko, siyo faili. Anotesheni ya klasi ina tabia mbaya kwamba inaonekana katika mapitio mara moja tu, siku inapowekwa, na siku hiyo ina sababu nzuri. Baada ya hapo inafanya kazi bila kuonekana tena. Siku hizi nikiona mkusanyo unasomwa kutoka nje ya programu, kutoka JSON au hifadhidata, nafungua faili zima.

Lengo la kufikisha maonyo sifuri nalo lilichangia. Kurekebisha kulihesabiwa moja, kuzima kulihesabiwa moja. Kuzima ni dakika, kurekebisha ni asubuhi nzima. Laiti tungewasha `-Xlint:unchecked` peke yake kwanza, tukaimaliza kwa utulivu, ndipo tukaenda kwa `serial` na mengine, maonyo ya hatari yasingezama ndani ya yale ya usafi.

Kuna kisa kikubwa zaidi kinachofanana na chetu kwa namna inayonisumbua. Mwaka 2006, katika kifurushi cha OpenSSL (maktaba ya usimbaji fiche) cha Debian, mojawapo ya mifumo ya Linux, mistari miwili inayofanana ilizimwa kwa sababu Valgrind, zana ya kukagua matumizi ya kumbukumbu, ilikuwa ikilalamika kuhusu kumbukumbu isiyoandikwa kitu. Mahali pamoja kuzima hakukuwa na madhara. Mahali pa pili, mstari huo ndio ulioingiza unasibu kwenye kitengeneza namba za nasibu. Mpaka ilipogunduliwa Mei 2008, funguo za siri zilizotengenezwa humo zilitegemea karibu namba ya mchakato peke yake, ambayo kwenye Linux kwa kawaida haikuzidi 32,768. Sababu iliyofaa mstari mmoja ilibebwa hadi kwenye mwingine kwa kuwa malalamiko yalifanana.

Kilichofanya kazi upande wetu ni logi iliyohifadhi mfuatano mzima wa kosa, na nakala ya data halisi kwenye seva ya majaribio. Bila hiyo, lile rekebisho la haraka la `Long` lingeingia kazini na kuangusha vikundi vyote Desemba. Ile `try` ya kazi ya usiku hatukuiondoa, ila ripoti sasa haisemi imekamilika kama kuna kikundi kilichorukwa. Inataja jina lake juu kabisa, na mtu anaamshwa. Majaribio yana vikundi viwili vipya vya mfano, kimoja cha shilingi 21,474,836 na kingine cha 21,474,837.

Anotesheni zilizobaki zote ziko juu ya vigeu au methodi fupi, kila moja ikiwa na maelezo ya aliyeiweka. Ile ya kwanza kabisa sasa inasomeka hivi:

```java
// Maktaba hurudisha List tupu. Nimesoma msimbo wake:
// huweka String peke yake. Maktaba ikibadilishwa, soma tena.
@SuppressWarnings("unchecked")
List<String> majina = maktaba.orodhaYaMajina();
return majina;
```

Tatu bado ziko juu ya klasi, kwenye faili zinazozalishwa na zana na ambazo hakuna mtu anayeandika ndani yake. Hizo tumeziacha kwenye folda yao peke yake.